Pensheni ya wazee Pemba: Ahadi njema isiyo na akiba

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KATIKA shehia za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, uzee una sura mbili. Yupo mwalimu au muuguzi mstaafu, aliyekatwa mchango katika mshahara wake na ambaye sasa analipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Na yupo mkulima wa karafuu au mvuvi, ambaye maisha yake yote hakuwa na mwajiri.

Ni kwa ajili ya huyu wa pili hasa kwamba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ilianzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, wakati wa uongozi wa Rais Dk. Ali Mohamed Shein. Mzanzibari mkaazi aliyefikia umri wa miaka 70 alianza kulipwa Sh. 20,000 kwa mwezi, awe tajiri au masikini. Katika awamu ya Rais Dk. Hussein Ali Mwinyi, kiwango hicho kimepandishwa hadi Sh. 50,000.

Hakuna mwenye moyo atakayelaumu nyongeza hiyo. Hata hivyo, hesabu yake haina budi kufanywa.

Kwa kiwango cha zamani, kila wazee 1,000 waliigharimu Hazina Sh. milioni 240 kwa mwaka. Kwa kiwango kipya ni Sh. milioni 600. Mpango ulipoanza, waliolipwa walikuwa zaidi ya 20,000 Unguja na Pemba. Kama idadi ingebaki 20,000 tu, gharama ingepanda kutoka Sh. bilioni 4.8 hadi Sh. bilioni 12.

Na idadi haiwezi kubaki pale pale. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 543,441. Wengi wao ni watoto na vijana, na ndio wazee wa kesho.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba fedha hizi hazina kisima. ZSSF hukusanya michango na kuiwekeza katika miradi, likiwamo jengo la biashara la Michenzani Mall mjini Unguja. Pensheni Jamii hulipwa moja kwa moja kutoka bajeti ya Serikali. Kila shilingi inayolipwa hushindana na dawa, madarasa na barabara.

Wapo wanaoiona kuwa ni sadaka, kwa hoja kwamba wakulima hawakuchangia. Historia ya Pemba inakataa hoja hiyo. Katika miaka ya 1970, bei ya karafuu ilipokuwa juu duniani, mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na iliyobaki ikaingia serikalini. Sehemu kubwa ya karafuu hizo ilitoka Pemba. Waliozichuma wakiwa vijana ndio wenye miaka 70 na zaidi leo. Walichangia, ila hawakupewa stakabadhi.

Kwa hiyo swali si iwapo wanastahili kulipwa, bali ni namna gani ahadi hiyo itadumu.

Tanzania Bara imekwisha kuonja uchungu wa ahadi isiyowekewa fedha. Watumishi wa umma walioajiriwa kabla ya mwaka 1999 waliahidiwa pensheni bila kukatwa michango. Deni lake lilielemea mfuko wao, hata mwaka 2021 Serikali ya Muungano ikatangaza kulilipa kwa hatifungani maalumu ya Sh. trilioni 2.17. Aidha, wastaafu wameonja ubishi wa kikokotoo: mwaka 2022 malipo ya mkupuo yaliwekwa kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 yakapandishwa hadi asilimia 40 kwa watumishi waliokuwa wakipata 50.

Jirani zetu wa Kenya wana funzo jingine. Mpango wao wa Inua Jamii ulipofunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2018, kiwango kilikuwa Sh. 2,000 za Kenya kwa mwezi. Pensheni isiyo na kanuni ya kupanda pamoja na bei ya mchele na mafuta huliwa kidogo kidogo, hadi mzee anabaki na jina la pensheni tu.

Hapa Zanzibar lipo pia pengo la miaka kumi. Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mvuvi aliyeishiwa nguvu akiwa na miaka 62 husubiri hadi 70. Kushusha umri ni jambo la haki, lakini ni ghali, na wanasiasa wasiliahidi kabla ya kutaja fedha zitakapotoka.

Njia ipo. Kwanza, sheria iseme kiwango kitapitiwa kila baada ya muda gani na kwa kipimo kipi, ili nyongeza isitegemee msimu wa uchaguzi. Pili, Pensheni Jamii itengewe chanzo maalumu cha mapato. Tatu, vijana wa bodaboda na akina mama wa mwani wavutwe kwa bidii katika mpango wa hiari wa ZSSF kwa waliojiajiri, ili uzee wao usiwe mzigo wa bajeti peke yake.

Wazee wa karafuu walitoa jasho lao bila daftari. Wajukuu wao wasiachwe wafike uzeeni kwa njia hiyo hiyo.