Vijana wa Kompyuta, Msingoje Kozi Nyingine

Vijana wa Masasi na Newala mliosomea kompyuta, nina neno nanyi. Wengi wenu mmepata cheti, mkakitia bahashani, na tangu siku hiyo hamjaandika hata mstari mmoja wa programu. Mkiulizwa, mwasema mnangoja kozi nyingine. Mwalimu simlaumu: vipindi vyake ni vichache na kompyuta zinagombewa. Lakini ni nani Mmakonde aliyejua kuchonga mpingo kwa kusimuliwa habari za tezo?

Mtasema kompyuta hamna. Simu je? Simu ya Android ikishawekwa programu ya Pydroid 3 huendesha lugha ya Python bila bando. Mkifika penye mtandao mzuri, pakueni na maelekezo rasmi ya Python, hutolewa bure, mkayasome jioni huko kwenu Kitangari au Chiungutwa.

Mtasema Kiingereza. Hapo mna hoja, wala siwadanganyi kuwa ni jambo dogo. Hata hivyo maneno maalumu ya Python ni 35 tu. Na programu ikigoma, msiifunge kwa hasira. Someni kwanza mstari wa mwisho wa ule ujumbe, maana ndiko kosa lenyewe linakotajwa.

Mazoezi yako nyumbani. Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu zamani. Wazee waliyafuata mabondeni. Basi jueni kuwa milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 60 za mraba likipata milimita 20, ni lita 1,200, ukiacha zinazomwagika. Andikeni programu ipige hesabu hiyo, kisha iseme tangi la lita 5,000 litawatosha watu saba kwa siku ngapi, kila mmoja na ndoo yake moja kwa siku. Anayefika hapo bila kusukumwa na mtihani amemzidi mwenye cheti cha bahashani.

Halafu korosho. Stakabadhi ghalani tunayo tangu 2007, na tangu msimu wa 2024/2025 mnada wenyewe unapitia mfumo wa kompyuta wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania. Mali ya baba zenu inauzwa kwa programu, nanyi mliosomea programu mmekaa kijiweni! Hili linanikera kuliko yote. Mzee akitoka AMCOS, chama chake cha ushirika, na karatasi yake ya kilo, bei na makato, nani kati yenu atamhakikishia hesabu?

Andikeni programu ya hesabu hiyo, mkianza na gunia moja. Ikikubali, ongezeni daraja la pili lenye bei yake, kisha makato, moja baada ya jingine. Mpeni jirani aijaribu. Ataandika "themanini" kwa herufi badala ya 80, na programu itasimama hapo hapo. Usiku ule ule tafuteni namna ya kumwomba namba upya bila programu kuzimika, na asubuhi mpeni simu ajaribu tena.