DRC: Tableti shuleni, je, zitamsaidia mtoto kuelewa anachosoma?

Mwanafunzi wa darasa la tatu la msingi anasimama mbele ya wenzake, anasoma sentensi ya Kifaransa kwa sauti bila kukosea. Mwalimu anapomuuliza sentensi hiyo inasema nini, ananyamaza. Walimu wengi wa Bukavu, Bunia, Kindu ao Kalemie wanalijua tatizo hilo: mtoto anatamka herufi, lakini maana haimfikii.

Katika ripoti ya mwaka 2022, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika DRC watoto 97 kwa 100 wenye umri wa karibu miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi yanayolingana na umri wao. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, ilifungulia watoto wengi mlango wa shule. Lakini madarasa yalijaa, na vitabu havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Ndiyo maana tableti na simu zinatajwa mara kwa mara kama suluhisho. Kifaa kimoja kinaweza kubeba mamia ya vitabu na kufanya kazi bila intaneti, mradi masomo yawe yamepakiwa tayari. Kwa shule ambayo watoto watano wanasomea kitabu kimoja, jambo hilo si dogo. Ila majaribio yaliyofanyika kwengine yanaonyesha kwamba kifaa peke yake hakifundishi.

Mafunzo kutoka Tanga, Kisumu na Malawi

Jaribio lililo karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili lilifanyika Tanga, Tanzania, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 2.700 wa vijiji takriban 170 walipewa tableti zenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na vijijini kukawekwa vituo vya kuchaji kwa nguvu za jua. Mwanzoni, zaidi ya 90 kwa 100 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Matokeo hayo yalileta tumaini, lakini yasomwe kwa makini. Nusu ya kundi hilo ilikuwa bado haijaweza kusoma neno hata moja. Tena, kusoma neno moja bado si kuelewa hadithi nzima. Kazi ya kuuliza "kwa nini simba alikimbia?" na kusikiliza jibu la mtoto inabaki ya mtu.

Katika Kaunti ya Kisumu, Kenya, watafiti walilinganisha njia tatu: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea, kuwapa walimu tableti, ao kuwapa tableti washauri wanaozunguka shule kuwasaidia walimu. Matokeo ya njia hizo tatu hayakutofautiana sana, lakini gharama zilitofautiana. Iliyohitaji pesa kidogo zaidi ni ile ya kuwapa washauri, kwa sababu mshauri mmoja anafikia shule nyingi. Kenya ilifuata mfano huo katika programu yake ya kitaifa Tusome, iliyoanza 2015.

Malawi imechagua njia nyingine: tableti kwa watoto wa madarasa manne ya kwanza, wanaozitumia kwa zamu, kwa Chichewa na Kiingereza, zikichajiwa kwa nguvu za jua. Serikali yenyewe imeingia katika mpango huo. Kinyume chake, Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wengi wa vijijini, na uchunguzi uliotolewa 2012 haukuona maendeleo yoyote katika kusoma wala hesabu. Vifaa vilifika, njia ya kufundisha haikubadilika.

Lugha kwanza

Kwa mashariki mwa Congo, swali la kwanza ni lugha. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za kitaifa na lugha za mazingira ya mtoto zitumiwe kufundishia. Mradi ACCELERE!, uliofadhiliwa na Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusoma kwa Kilingala, Kiswahili na Ciluba. Lakini tangu shirika la Marekani USAID lilipofungwa mwaka 2025, miradi ya aina hiyo imepoteza mfadhili mkubwa.

Hapa ndipo jaribio la Tanga linapoihusu DRC moja kwa moja. Programu za washindani watano wa mwisho zilitolewa bure, pamoja na siri zake za kiufundi, ili yeyote aweze kuzitumia na kuzibadilisha. Ni programu za Kiswahili. Wizara ya elimu haina lazima ya kuanzia sifuri.

Lakini Kiswahili hicho ni cha Tanzania. Mtoto wa Uvira anajua sombe na lengalenga. Akikuta kisamvu na mchicha kwenye tableti, atatamka vizuri na kukosa maana, sawa na ilivyokuwa kwa Kifaransa. Katika vijiji ambako watoto wanaanza na Kinande, Mashi ao Kilega, umbali ni mkubwa zaidi. Kuandika upya hadithi hizo pamoja na walimu wa hapa kunahitaji pesa kidogo kuliko kununua vifaa, na ndiko kunakogusa ufahamu wenyewe.

Hesabu na usalama

Swali la pili ni hesabu. Shule yenye madarasa sita ya watoto 50 inahitaji tableti 300 ikiwa kila mtoto atapata yake. Kwa njia ya kumpa mwalimu, zinahitajika sita tu, na paneli ndogo ya jua inatosha kuzichaji. Katika maeneo ambako vita vimefukuza familia nyingi na shule zimeporwa ao kugeuzwa makazi ya wakimbizi, vifaa sita vinavyorudi nyumbani na mwalimu vinalindika kuliko sanduku la vifaa 300.

Lakini mwalimu huyo lazima awe analipwa. Walimu wengi wanasubiri kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wengine wanaishi katika maeneo ambako hata kupokea mshahara ni shida. Kumwongezea kazi ya tableti mtu asiyelipwa ni kujenga juu ya mchanga.

Kwa hiyo, mradi wowote wa tableti ukija, kamati za wazazi zina haki ya kuuliza mambo manne kabla ya sherehe ya kukabidhi: hadithi zimeandikwa kwa lugha gani, nani atamfundisha mwalimu, nani atatengeneza kifaa kikiharibika, na baada ya mwaka mmoja watoto watapimwa namna gani. Jibu la swali la mwisho lisiwe idadi ya vifaa vilivyogawiwa. Liwe idadi ya watoto wanaoweza kusoma hadithi fupi, kisha kuisimulia kwa maneno yao wenyewe.