Kavumu: siku kiwanja kitafunguliwa, nani atarusha ndege?

Tangu Februari 2025, wakaaji wa Kabare ya kaskazini hawasikii tena mungurumo wa ndege za abiria asubuhi. Muungano wa AFC/M23 ulikamata kiwanja cha ndege cha Kavumu tarehe 14 mwezi huo, siku mbili mbele ya kuudhibiti mji wote wa Bukavu. Toka hapo, mwenye kutaka kwenda Kinshasa anavuka mpaka na kuzunguka kupitia inchi za jirani. Mwenye makuta kidogo anabaki.

Kila mara mazungumzo ya amani yakifanyika, swali la viwanja vya ndege linarudi. Mjini Paris, tarehe 30 Oktoba 2025, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kitafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ikajibu kwamba uamuzi huo ulichukuliwa bila yenyewe kuulizwa. Mpaka leo mabishano ni juu ya nani atatia saini, nani atakaa ndani ya mnara, nani atapiga muhuri kwenye pasipoti.

Lakini kuna watu ambao hawatajwi katika mabishano hayo: marubani, mafundi wa injini, wapakiaji wa mizigo, waongozaji wa ndege na wazima moto. Hao ndio kiwanja chenyewe. Pisti, ile njia ya kurukia, inaweza kufunguliwa kwa saini ya siku moja. Watu wa kuifanyisha kazi hawapatikani kwa saini.

Shabunda, kisiwa ndani ya msitu

Kwa mkaaji wa Bukavu, ndege ni safari ya Kinshasa. Kwa mkaaji wa Shabunda, ndege ni chumvi. Teritware ya Shabunda ina kilometa za mraba zaidi ya 25,000, karibu sawa na Rwanda nzima. Barabara kutoka Bukavu inapita kilometa zaidi ya 300 za msitu, matope na madaraja yaliyovunjika, na kwa miaka mingi gari halikuweza kuimaliza.

Ndio maana ndege ndogo zilichukua kazi ya lori. Kutoka Kavumu zilipeleka sabuni, sukari, nguo, dawa za hospitali na vitabu vya shule. Kurudi zilileta mafuta ya mawese, mchele na madini ya kasiterite. Kule Walikale, upande wa Kivu Kaskazini, ilifika hatua ndege zinatua juu ya barabara ya lami pa Kilambo, magari yakisimamishwa kwanza.

Ndege zenyewe si mpya. Ile inayojulikana zaidi, Let 410, ni ya Czechoslovakia ya zamani. Iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1969. Antonov 28 ni ya Urusi ya kikomunisti, iliyotengenezwa Poland. Antonov 2, yenye mabawa mawili juu na mawili chini, ni mzee kuliko zote: iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1947. Zinapendwa kwa sababu zinatua kwenye pisti fupi ya udongo na fundi anaweza kuzitengeneza bila kompyuta.

Je, uzee wa ndege ndio unaoua watu?

Wengi wanajibu ndiyo bila kufikiri mara mbili. Lakini kule Ulaya kuna ndege za umri uleule ambazo watu wanalipa tiketi ili kuzitazama. Ufaransa kuna timu ya watu binafsi, Patrouille Tranchant, inayofanya maonyesho angani kwa jeti aina ya Fouga Magister. Jeti hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1952. Wazee wa Katanga wanaijua vizuri: mwaka wa 1961 serikali ya Moïse Tshombe ilipata Fouga 3, na mwezi wa Septemba moja tu ilitosha kusumbua askari wa Umoja wa Mataifa, ambao hawakuwa na ndege ya vita hapa inchini.

Watazamaji wa maonyesho wanampigia rubani makofi. Hawaoni kazi iliyofanywa chini mbele ya dakika zile chache za angani. Kila kipande cha injini kina daftari lake: kilifungwa lini, kimeruka saa ngapi, kitatolewa lini. Fundi akikataa, ndege inabaki chini. Mawingu yakishuka, maonyesho yanafutwa, na hakuna anayelala njaa. Hata kwa uangalifu huo hatari ipo: Agosti 2024, Fouga moja ilianguka baharini karibu na Le Lavandou, kusini mwa Ufaransa, wakati wa maonyesho, na rubani wake akafa.

Tofauti na Kavumu iko hapo. Kule ndege ya zamani inaruka siku nzuri, bila mzigo, na fundi ana neno la mwisho. Hapa ndege ya zamani inaruka juu ya mahitaji. Mfanyabiashara amelipa kwa kilo, mgonjwa anangoja dawa, mwenye ndege anataka safari mbili kwa siku. Fundi akisema hapana, kila mtu anamkasirikia.

Kazi isiyoonekana

Tuchukue mfano wa mzigo. Let 410 inabeba abiria 19, ao mzigo usiofika tani 2. Kwa magunia ya kilo 50, hiyo ni kama magunia 34, tena mafuta yakijazwa zaidi, magunia yanapaswa kupungua. Mpakiaji akiongeza magunia matano ya kificho, ameongeza kilo 250 ambazo rubani hazijui.

Na uzito si kilo tu, ni mahali pia. Mzigo ukisogea mbele ao nyuma, ndege inapoteza usawa. Tarehe 25 Agosti 2010, Let 410 ilianguka Bandundu na kuua watu 20. Mtu mmoja tu aliokoka, na habari iliyosambaa kutoka kwake ni kwamba abiria walikimbilia mbele baada ya mamba kutoka ndani ya mfuko. Dunia nzima ilicheka hadithi ya mamba, na wengine wakaitilia mashaka. Lakini kila mpakiaji anapaswa kukumbuka kile inachofundisha: kitu kisichofungwa vizuri kinaweza kuangusha ndege yenye injini nzima.

Kisha kuna mafuta. Asubuhi, mbele ya injini kuwashwa, fundi anachota mafuta kidogo chini ya tangi na kuyatazama kwenye chupa. Maji yakionekana, yanatolewa kwanza. Hiyo ni kazi ya dakika chache, haina makofi, na ikirukwa siku moja tu injini inaweza kuzimika juu ya msitu.

Milima ya Kahuzi na Biega

Kavumu iko kwenye mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu na bawa linabeba kidogo. Ndege inayokwenda Shabunda inapaswa kupanda zaidi, kwa sababu mbele yake kuna Kahuzi wenye mita 3,308 na Biega wenye mita 2,790. Mawingu yakijaa, mlima hauonekani.

Orodha ya misiba inajulikana. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya huduma za kibinadamu iligonga mlima karibu na Bukavu, watu 17 wakafa. Tarehe 14 Februari 2011, Let 410 iliyotoka Kavumu iligonga mlima upande wa Biega, na marubani wake wawili wakafa. Tarehe 13 Agosti 2020, nyingine iliyotoka Kalima ilianguka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, ikaua watu 4.

Lakini tarehe 12 Februari 2012 iliyoanguka Kavumu haikuwa Let wala Antonov. Ilikuwa jeti ya kifahari. Ilipita mwisho wa pisti, na Augustin Katumba Mwanke, mshauri mkubwa wa Rais Joseph Kabila, akafa pamoja na wengine. Feza nyingi na ndege nzuri hazikutosha.

Umoja wa Ulaya nao uliweka kampuni zote za ndege za Kongo kwenye orodha ya zile zilizokatazwa, tangu mwaka wa 2006. Watu wanadhani sababu ni ndege kuukuu. Sababu ni usimamizi: Ulaya haiamini kwamba dola la Kongo linakagua vya kutosha. Yaani lawama inaanguka kwa wakaguzi na wanaowatuma, mbele ya kufika kwa rubani.

Mafundi wa kuazima

Bukavu ina historia ndefu ya kuona ndege zinazorushwa na kutengenezwa na watu wa mbali. Agosti 1964, Wasimba walipoushambulia mji uliokuwa unalindwa na Kanali Léonard Mulamba, ndege za T-28 zilimsaidia kutoka angani. Marubani walikuwa Wakuba waliokimbia utawala wa Fidel Castro, wakilipwa na CIA ya Marekani. Mafundi wao waliajiriwa Ulaya na kampuni moja, WIGMO, iliyoandikishwa Liechtenstein. Mwaka wa 1967, askari wa kukodi wa Jean Schramme walipoushika mji kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba, ndege zilirudi tena juu ya vichwa vya wakaaji.

Wageni hao walipoondoka, waliondoka na ujuzi wao. Jambo la namna hiyo lilionekana tena katikati ya mwaka wa 2024, MONUSCO ilipofunga kazi yake Kivu Kusini na kuchukua ndege na vifaa vyake. Utaalamu wa kuazima hauachi mizizi.

Leseni nayo inalala

Hapa ndipo kufungwa kwa Kavumu kunaleta hatari ambayo haijazungumzwa. Kwa kanuni za OACI, shirika la Umoja wa Mataifa linaloangalia usafiri wa ndege, rubani hawezi kuongoza abiria kama ndani ya siku 90 hajaruka na kutua angalau mara 3 na ndege ya aina ile. Tena anapaswa kupita kwa daktari kila kipindi. Rubani aliyekaa nyumbani miezi mingi si rubani tayari, hata kama karatasi yake iko kabatini.

Ndege nayo inaharibika ikisimama. Mipira ya kuzuia mafuta inakauka, maji yanajikusanya ndani ya tangi, ndege wa porini wanajenga viota kwenye injini. Na fundi mwenye watoto hawezi kungoja. Wamoja wanatafuta kazi Kinshasa, Lubumbashi ao nje ya inchi. Wengine wanaingia kwenye biashara ndogo. Kila anayeondoka anabeba kichwani miaka ya kuujua mlima, upepo na pisti ya Lulingu wakati wa mvua.

Hatari yenyewe ni hii: siku kiwanja kitafunguliwa, mahitaji yatakuwa makubwa sana. Shabunda itataka chumvi, Bukavu itataka safari, na wenye ndege watataka kufidia hasara ya muda wote huo. Wiki za kwanza zitakuwa za haraka, kwa ndege zilizolala na watu walioanza kusahau mkono.

Kwa hiyo wakaaji wana haki ya kuuliza maswali ya kawaida kabisa, kwa mamlaka yoyote itakayofungua Kavumu. Nani alikagua ndege hii, na tarehe gani? Gari la zima moto lipo, na lina maji? Waongozaji wangapi wamerudi kazini, na nani anawalipa? Mzani wa mizigo unafanya kazi?

Maswali hayo hayahitaji kungoja mkataba. Mzani, zima moto na mishahara vinaweza kutayarishwa wakati wakubwa bado wanabishana, na orodha ya mafundi waliobaki Bukavu inaweza kuandikwa leo.