Eti Doha inamalizwa kwa mguu siku moja!

Najua nimekuwa kimya na wengine mmeanza kununa. Zamu zimekuwa nyingi, nikirudi nalala kama gogo. Ila leo nimeamka na jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nisipolitoa sitapata raha.

Jambo lenyewe ni hili. Januari binamu yetu (mnamjua, simtaji jina asije akanikatia simu) alipita Doha akienda Guangzhou kufuata mzigo. Alikuwa na saa kama 10 za kungoja ndege ya pili. Akapata viza ya kupita, akatoka uwanja wa ndege, akazunguka mji kwa miguu toka asubuhi mpaka magharibi, akapiga picha mpaka simu ikazimika chaji. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi umeanza aliporudi nyumbani. Anakaa kibarazani Chumbageni anawaambia watu: "Doha? Nishaimaliza yote kwa mguu, siku moja tu! Mji mdogo, msafi, pepo ya duniani. Huyo ndugu yenu analia shida za uongo, hataki tu kutuma hela."

Ningecheka nikaacha. Lakini mpwa wangu kazisikia habari hizo, na sasa kuna wakala kamwambia alete pesa ya "usajili". Na dada yangu, mama wa watu, anatafuta mnunuzi wa kiwanja cha Pongwe. Kiwanja jamani! Kwa sababu ya picha za siku moja!

Basi nisikilizeni.

Kwanza nimtendee haki binamu. Alikotembea kunatembeleka kweli. Alianzia Souq Waqif, akaingia Msheireb, akatoka pwani, akafuata Corniche, ambayo ina urefu wa kama kilomita 7, maji upande mmoja na maghorofa mbele yako. Aliiona Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu iliyofunguliwa 2008, ile aliyoichora mzee I. M. Pei juu ya kisiwa cha kutengenezwa. Aliiona Makumbusho ya Taifa ya 2019, kazi ya Jean Nouvel, imekaa kama ua la mchanga wa jangwani. Januari hapa kuna baridi ya kupendeza, watu wanavaa sweta. Magharibi nilimkuta sokoni, nikamnunulia chai ya karak, tukakaa saa moja. Siku nzuri. Hata mimi nikipata mgeni wa siku moja nampeleka hukohuko.

Lakini binamu, kwa nini kunatembeleka? Ulijiuliza? Ulinisimulia vichochoro vya sokoni vina kivuli na upepo kana kwamba umeona muujiza. Wewe mtu wa pwani unashangaa kichochoro? Ndivyo wazee wetu walivyojenga Pangani, Unguja na Lamu: nyumba zinasogeleana zikingiane jua, mtu anatoka msikitini hadi dukani bila kuungua utosi. Na zile boriti zinazotokeza kwenye kuta za udongo, ungeuliza zilitoka wapi. Nyumba za zamani za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizokuja kwa majahazi kutoka kwetu, Lamu na Rufiji. Upana wa chumba cha Mwarabu ulipimwa kwa urefu wa mti wetu! Souq Waqif yenyewe ilikarabatiwa baada ya 2004 ili irudie sura ya kale, na Msheireb ni mtaa mpya uliojengwa kwa kuiga vichochoro hivyohivyo. Kwa hiyo kile kipande kimeandaliwa kwa ajili ya miguu, tena miguu ya mgeni.

Sisi tunajua mgeni hukaribishwa wapi. Hukaribishwa sebuleni. Kuna zulia, kuna feni, kuna vikombe vinavyotolewa kabatini siku hiyo tu. Sasa mtu akanywa chai yake sebuleni akaaga, kisha akatangaza mtaani kwamba nyumba yote anaijua, mpaka jikoni na uani. Mtamwitaje?

Mimi siishi sebuleni. Mimi naishi Al Rayyan.

Kwa wasiojua, Al Rayyan ni manispaa nyingine, iko ubavuni mwa Doha upande wa magharibi. Kwa macho huoni mpaka, mji umeungana. Inaanzia hapo na kwenda jangwani mpaka Abu Samra, mpakani na Saudia. Imaliza kwa mguu basi! Na jina lenyewe, binamu aliyesema pepo ya duniani hakukosea sana, maana Rayyan ni jina la mlango wa peponi wanaoingia wafungaji. Nami nathibitisha kwamba hapa tunafunga kweli, hasa wiki ya mwisho kabla ya mshahara.

Nikuelezeni kutembea kwa Al Rayyan kukoje. Nilipofika, miaka minane iliyopita, nilipangiwa chumba Muaither, tunalala wanne. Dirishani naona mnara mrefu, ule uitwao Torch, mita 300, uliojengwa kwa michezo ya Asia ya 2006, karibu na uwanja wa Khalifa. Nikasema Ijumaa hii nautembelea, si huo hapo? Kwetu mtu anatoka Ngamiani anakwenda Raskazone kwa miguu, hasimuliwi. Nikavaa kandambili, nikatoka.

Nilitembea saa nzima na mnara uko palepale. Ukuta wa jumba, ukuta wa jumba, ukuta wa jumba. Hakuna genge, hakuna mama wa vitumbua, hakuna mtu wa kumsalimia. Njia ya miguu inakwenda vizuri, halafu ghafla inakatika na unajikuta mchangani. Nikafika barabara kuu, magari yanapita kama risasi, na pa kuvukia sipaoni kulia wala kushoto. Dereva mmoja wa lori la maji, Mpakistani, akasimama akanipandisha bila kunidai nauli. Aliniuliza swali moja tu: "Gari lako limeharibikia wapi?" Hakuweza kufikiri kwamba mtu anatembea kwa kupenda.

Na hiyo ilikuwa Desemba. Julai joto linapita digrii 40. Serikali yenyewe imeweka sheria: kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, ni marufuku kufanyisha watu kazi juani. Jua ambalo sheria inasema halifai kubebea tofali, wewe utalitembelea mji?

Sasa twendeni kazini kwangu, kule wanakoita Industrial Area, nako ni Al Rayyan hiihii. Mimi ni mtunza stoo huko. Mkiona ramani mtacheka, maana mitaa yake ina namba kama Ngamiani! Mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kuendelea. Nilipoona kibao mara ya kwanza machozi yalinilenga, nikajua nimefika nyumbani. Lakini ukipita barabara ya 12 Ngamiani unasalimiwa mara kumi kabla hujafika kona, na usiposalimia mama yako ataletewa habari. Huku ni magereji, maghala, malori, vumbi, na wanaume. Maelfu kwa maelfu ya wanaume, Wanepali, Wahindi, Wabangladeshi, Waganda, Wakenya na sisi. Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulipoingia, mtaa wa 1 hadi wa 32 ilifungwa, asiingie mtu asitoke, wakati Corniche watu bado wanapunga upepo. Nilikuwa na rafiki ndani, nikawa namwona kwenye simu tu. Ndipo nilipoelewa kwamba mji huu una milango, na milango yake huioni mpaka ifungwe.

Hao ndio waliojenga ile sebule, binamu. Ndio wanaofagia Corniche usiku ili wewe uione safi asubuhi. Katika kila watu 10 wa nchi hii karibu 9 ni wageni kama mimi. Ukitembea kipande kisicho na makazi yao, umetembea wapi?

Na kuna moja limeniuma zaidi. Nilimuuliza hapo kwenye chai: "Ulipopita Msheireb uliingia nyumba ya Bin Jelmood?" Akasema ipi hiyo. Alipita mlangoni! Ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu 2015 ni makumbusho, na inasema wazi habari za utumwa wa Bahari ya Hindi, watu waliochukuliwa pwani ya Afrika Mashariki wakaletwa huku, wengine kuzamia lulu. Utumwa hapa ulifutwa 1952 tu. Babu yetu mzaa mama alikuwa kijana wakati huo! Mimi nilisimama mle ndani nikashindwa kutoka. Yeye alikuwa nje anatafuta pa kupiga picha ya minara. Simlaumu, saa zilikuwa zinakwenda. Ila ndiyo ninayosema: anayetaka kumaliza mji kwa siku hawezi kusimama popote.

Msinielewe vibaya. Sisemi Qatar ni jehanamu, nisingekaa miaka minane. Mambo mengi yamebadilika nikiwa hapahapa. Tangu 2019 kuna treni, unapanda kwa riyal 2, inafika mpaka Rayyan ya zamani na ile maktaba kubwa ya taifa ambako nasoma bure. Tangu 2020 mtu anaweza kubadili kazi bila karatasi ya ruhusa ya mwajiri wake wa kwanza, japo kwa vitendo wengine bado wanasumbuliwa. Tangu Machi 2021 kuna kima cha chini, riyal 1,000 kwa mwezi, na 300 za chakula na 500 za malazi kama mwajiri hakupi hivyo vitu. Riyal 1,000 ni kama dola 275. Hiyo ndiyo hesabu, mpwa wangu, usihesabu maghorofa. Na sheria ya kazi ya hapa inakataza wakala kumtoza mfanyakazi ada. Kwa hiyo huyo anayekudai "usajili" muulize anafuata sheria ya nchi gani. Leta mkataba niusome, jina la kampuni, kazi, mshahara, malazi. Ukiwa wa kweli nitakupokea mwenyewe na mswaki nitakununulia. Lakini dada, nakuomba kwa radhi ya mama, kiwanja usikiguse mpaka tuongee.

Nawe binamu, sisi mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo. Tumewaona wangapi wanashuka stendi asubuhi, wanapita Mkwakwani, wanakula samaki, wanapiga picha bandarini, jioni wanasema Tanga tumeimaliza? Tunawacheka mpaka basi linaondoka. Je, walijua nani kafiwa barabara ya 9? Walijua maji yanakatika siku gani? Basi hapa wewe ndiye waja leo.

Nakukaribisha tena, kwa moyo mmoja. Safari hii njoo Julai. Shuka stesheni ya Al Rayyan Al Qadeem saa sita mchana, uje kwangu Muaither kwa miguu. Nitakungoja mlangoni na ndoo ya maji. Ukifika, karak nanunua mimi, na ukirudi Chumbageni sema chochote upendacho, sitakubishia.

Wengine semeni maoni yenu, hata ya kunitukana nayapokea. Msalimieni Mama, mwambieni goti langu limepona.

Wasalaam.