MSHAHARA ULIOZUIWA SI SADAKA

Wapo watakaotuuliza: Ipililo ya Simiyu yatuhusu nini sisi watu wa Visiwani? Yatuhusu. Polisi na maafisa wa Uhamiaji walio kwetu hulipwa na Serikali hiyo hiyo ya Muungano.

Mwaka 2017 watumishi wa darasa la saba, miongoni mwao madereva na watendaji wa vijiji, waliondolewa katika orodha ya mishahara kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Aprili 2018 Serikali ikageuka: walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warejeshwe na walipwe malimbikizo yao. Vyema! Lakini miezi ile walikula nini? Mtumishi wa kijiji kama Ipililo aende wapi? SACCOS? Mkopo wake hulipwa kwa makato ya mshahara. Mshahara ukikatika, mlango nao hufungwa. Husalia mwenye duka na daftari lake, naye hungoja pamba iuzwe, au mla riba anayeshika kadi ya benki ya mdeni.

Ajabu ni kuwa aliyezuiwa kazi akingoja tuhuma zake zichunguzwe, kanuni za Utumishi wa Umma humpa si chini ya nusu mshahara. Hawa hawakupewa hata hiyo nusu.

Huko Marekani, sheria ya 2019 yaamuru mtumishi alipwe siku zote ambazo serikali imefungwa. Hata hivyo, ilipofungwa siku 43 mwaka 2025, watumishi walipanga foleni za chakula cha msaada, kwani malipo ya baadaye hayapiki chungu cha leo.

Twataka nusu mshahara tangu siku ya kwanza, na makato ya mikopo yasimame bila riba kuongezeka. Nayo yaandikwe katika sheria, si katika hisani ya waziri.