Kianzio cha Hadithi na Wasikilizaji Wake

Wanachuo wanaorejea kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za Mbagala, Tandika, Tandale au Bunju hutuletea malalamiko yale yale: watoto hawajui kubuni hadithi. Mtoto akipewa mada ya insha hunakili kifungu cha kitabu cha kiada, au huandika mistari minne na kufunga daftari. Kwa maoni yetu, lawama hiyo haimstahili mtoto. Kengele ya mapumziko ikilia, mtoto huyo huyo husimama chini ya mwembe akasimulia ugomvi wa kondakta na abiria kwa sauti mbili mbalimbali, na wenziwe humzunguka wasitake kuondoka. Ubunifu anao. Alichokikosa darasani ni kianzio kinachomgusa, na watu wa kumsikiliza.

Tuanze na kianzio. Mada ziandikwazo ubaoni mwaka hadi mwaka ni kama "Siku Nisiyoisahau" au "Safari Yangu ya Likizo". Mtoto aliyeimaliza likizo nzima akimsaidia mama yake gengeni hana safari ya kueleza. Basi ataazima safari ya mwingine, na walimu tutaisoma safari hiyo hiyo katika madaftari arobaini. Kianzio chema ni jambo lililokwisha kuanza na ambalo bado halijatulia. Dumu moja limebaki kwenye foleni ya maji, nalo halina mwenyewe. Mtoto aliyetumwa sokoni Tandika amerudishiwa chenji iliyozidi, na muuzaji ameshageuka kumhudumia mtu mwingine. Nyumba ya jirani imekutwa asubuhi imechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Hapo mwalimu hana haja ya kueleza zaidi. Mtoto wa Kinondoni au Temeke anaijua foleni, analijua soko, na alama ile anaijua maana yake.

Lakini kwa kuwa vianzio vya namna hii hugusa maisha, havina budi kushikwa kwa uangalifu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wengi katika bonde la Msimbazi, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Mwalimu anayemwamuru mtoto aliyepitia msiba wa namna ile aandike jinsi maji yalivyoingia kwao anamtaka atoe ushahidi mbele ya darasa. Amwambie badala yake: "Mtu mmoja alirudi kwake baada ya mvua, akakuta kitu kimoja tu." Hadithi ya kubuni humpa mtoto kivuli, ataweka humo yake au ya mwingine, na hapana wa kumwuliza. Hadithi isisomwe kwa sauti bila ridhaa ya mwandishi. Na ikiwa maandishi yanaonyesha kwamba mtoto anadhuriwa, jambo hilo lipelekwe kwa mwalimu wa ushauri nasaha, si kwenye mazungumzo ya ofisi ya walimu.

Sasa wasikilizaji. Wazee wetu hawakuruhusu hadithi ianze bila wao. Msimulizi husema "Paukwa!" na hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa!" Uandishi wa Kiswahili nao ulikua kwa kuitikiwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na washairi wakajibizana humo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipeleka "Mzimu wa Watu wa Kale" katika shindano la hadithi la mwaka 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, akapata zawadi ya kwanza. Kitabu kikatoka mwaka 1960, na Bwana Msa akapata wasomaji hata leo. Katika siku zetu Taasisi ya Elimu Tanzania imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tunaipongeza. Hata hivyo tuzo huwachagua wachache miongoni mwa waliokwisha kuwa waandishi. Mtoto wa Darasa la Tano anahitaji kuitikiwa wiki hii.

Tutaambiwa kuwa darasa lina watoto themanini au zaidi, na mwalimu ni mmoja. Ndiyo sababu hasa ya kuwagawa katika makundi ya watano watano. Kila mmoja asome hadithi yake, na wenziwe wajibu maswali mawili tu: ni wapi ulipotaka kujua zaidi, na ni kitu gani umekiona kwa macho ya moyo? Kosa la tahajia lisitajwe bado. Wako walimu ambao kalamu yao nyekundu hufika kabla hawajaisoma hadithi. Mtoto anayerudishiwa ukurasa uliojaa mikwaruzo hujifunza kuandika sentensi fupi zisizo na hatari. Usahihi utafundishwa, tena kwa nguvu, lakini katika kipindi kinachofuata, mtoto anapolisafisha andishi ili wengine waweze kulisoma. Hapo nukta na mkato huwa na kazi ambayo yeye mwenyewe anaiona.

Na wasikilizaji wasiwe wanafunzi peke yao. Mwalimu Mkuu akikubali, aalikwe bibi wa mtaani, fundi cherehani au mama lishe aketi na kundi moja kwa nusu saa. Wengi wao ni wasimulizi kuliko sisi, na watauliza maswali ambayo mwalimu hayafikirii.

Hadithi zilizosafishwa zishonwe kwa uzi, zitiwe jalada la boksi, zitundikwe darasani kwenye kamba. Nyuma ya kila kitabu ziachwe kurasa mbili tupu, ili msomaji aandike jina lake na neno moja kwa mwandishi.