Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi: Barafu ya Kibo haitawasubiri watoto wa Lupaso

Kamishna wa Uhifadhi,
Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA),
Arusha.

YAH: OMBI LA WANAFUNZI WA KUSINI KUFIKISHWA SHIRA

Ndugu Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nafundisha shule ya msingi Lupaso, wilayani Masasi. Kila nikifika somo la milima, swali huwa lile lile: "Mwalimu, theluji ikoje?" Huwajibu kwa kitu wanachokijua: barafu ya ubuyu, ile ya kwenye kimfuko. Mtoto mmoja wa darasa la nne akaniuliza, "Na ile ya mlimani inayeyuka?" Nikamwambia hapana, ile ni ya kudumu.

Januari, fedha za korosho zilipoingia, nikafunga safari ya Kilimanjaro nikajionee. Basi lilitoka Masasi alfajiri, likashuka Mingoyo, likashika njia ya pwani. Rufiji tuliivuka kwa Daraja la Mkapa. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003, mvua zikikolea, kusini iligeuka kisiwa: kivuko kikisimama, nasi tumesimama. Rais mwenye jina hilo alizaliwa hapa Lupaso, na hapa ndipo alipozikwa mwaka 2020. Siku ya pili, kuanzia Korogwe, milima ya Usambara na kisha ya Upare ilitusindikiza mkono wa kulia hadi tukakaribia Moshi.

Pale Moshi wasafiri kadhaa tulichangia gari, tukapita Sanya Juu hadi lango la Londorossi. Barabara ikaanza kupanda. Kwanza msitu mnene na ukungu, kisha miti ikazidi kufupika, vikabaki vichaka, mara tukatokea kwenye uwanda wa Shira, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Mimi niliyezoea kusimama ukingoni mwa Shimo la Mungu kule Newala, bonde la Ruvuma likiwa chini ya miguu yangu, kichwa kilinizunguka. Mbele yetu, kilele cha Kibo. Nilitafuta ile kofia nyeupe ya kwenye vitabu vyetu. Niliona viraka.

Mwaka 1912 barafuto za Kibo zilifunika kilomita za mraba zipatazo 11.4, mwaka 2011 hazikufika 2. Joto limepanda, theluji mpya imekuwa haba, na jua linakula akiba isiyojazwa. Mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kwamba ifikapo 2050 huenda zisiwepo kabisa. Mwanafunzi wangu yule atakuwa hajatimiza miaka arobaini. Nilimdanganya bila kujua.

Ndugu Kamishna, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo. Siku hizi Mwenge hutufikia wilayani kila mwaka, nasi huupokea kwa ngoma. Mlima wenyewe haujawahi kutualika.

Ombi letu ni dogo. Kila likizo ya Juni, basi moja la wanafunzi wa Masasi na Newala lipokelewe Londorossi. Wasamehewe kiingilio, gari la hifadhi liwapandishe Shira na kuwashusha siku hiyo hiyo. Hawaendi kileleni, kwa hiyo hawahitaji wapagazi wala mahema. Sweta zitatosha, na mtu wa kuwaangalia wasikimbie hovyo kwenye hewa nyepesi. Nauli ya kufika huko tutaichanga wenyewe, wazazi na walimu, msimu wa minada ya korosho. Na pale uwandani muweke kibao chenye picha ya Kibo ya zamani, mtoto asimame katikati ya picha na mlima, apime mwenyewe kilichopotea.

Najua yapo mambo mengi mezani kwako, na hili laweza kuonekana si la haraka. Lakini ukimpa mtoto wa Lupaso barafu ya ubuyu kwenye jua la Masasi, humwambii asubiri mwakani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu,
Lupaso, Masasi.